Siku ya Ngapi, Dawa Gani

Kelele za wodi ya upasuaji huwa za usiku wa pili au wa tatu. Mama aliyetolewa titi juzi, mpole, aliyekuwa akimshukuru kila muuguzi anayempita, sasa anavuta dripu aitoe. Anataka kushuka kitandani akapike kwa kuwa wageni wako mlangoni, na anamwita binti yake kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekwisha kufa. Vitanda vya jirani vinanong'ona: kapandisha. Mwingine anasema hapana, ni mawazo, hii kansa imemvuruga. Asubuhi daktari akipita, mama ametulia, anaitikia salamu, na ile "mawazo" inabaki kuwa jibu mpaka giza lirudi.

Neno hilo limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Ndani yake watu hutia huzuni ya kawaida, sonona, hofu, kuweweseka, madhara ya dawa, hata upungufu wa chumvi kwenye damu. Kila kimoja kina siku zake za kutokea na tiba yake, na tiba ya hiki inaweza kumdhuru mwenye kile. Ndiyo maana kwa mgonjwa yeyote aliyebadilika baada ya upasuaji wa saratani maswali ya kwanza ni mawili: leo ni siku ya ngapi tangu apasuliwe, na ni dawa gani imeongezwa au kuachwa siku hizi tatu.

Mama wa usiku wa pili anaweweseka. Fahamu zimeyumba ghafla, ndani ya saa chache au siku moja, zinapanda na kushuka, na jioni ndipo zinapochafuka zaidi. Dalili kuu ni kushindwa kushika jambo akilini. Kuona vitu visivyokuwepo kunaweza kuwepo au kusiwepo. Mwombe ataje siku za wiki kinyumenyume. (Kwa Kiswahili kipimo hiki ni rahisi kuliko kinavyopaswa kuwa, maana tano, nne, tatu, pili, mosi zinajipanga zenyewe mdomoni. Aliyesoma mpe miezi, kuanzia Desemba kurudi nyuma. Asiyesoma ahesabu kutoka ishirini kushuka hadi moja.) Mwenye huzuni atajibu taratibu, kwa uchovu, lakini atafika. Anayeweweseka hupotea njiani, hugeuka akahesabu kwenda mbele, au husahau ameulizwa nini.

Sababu hutafutwa kuanzia zile zilizo karibu na kitanda. Gusa tumbo la chini: mpira wa mkojo ukiziba, au ukitolewa na mkojo ukagoma, kibofu hujaa, na kwa mzee hilo peke yake linatosha kumvuruga. Uliza alipata choo lini. Pima joto, oksijeni na sukari, sikiliza kifua, fungua bandeji ukitazame kidonda. Damu iende maabara kupimwa wingi wake, sodiamu na kazi ya figo. Kisha soma karatasi ya dawa. Pethidini ya maumivu, diazepamu ya usingizi na prometazini, ile wengi wanayoijua kwa jina la Phenergan, ndizo za kushukiwa kwanza, na si ajabu kuzikuta zote tatu kwenye karatasi moja. Kosa linalojirudia ni hili: mgonjwa anahangaika usiku, anachomwa diazepamu ili alale, analala kwa muda wa saa nne, anaamka amechanganyikiwa zaidi, anachomwa tena. Lakini maumivu yasiyotibiwa nayo huwewesesha, kwa hiyo usikate dawa zote za maumivu kwa woga. Parasetamoli itolewe kwa saa zake bila kusubiri aombe, na morfini kidogo pale inapohitajika.

Kinachomrudisha mtu ni kitu ambacho hakiuzwi famasi: ndugu mmoja anayemjua, akae naye. Mmoja, si sita wanaopokezana kila saa na kila mmoja na sala yake. Avae miwani yake. Mchana akae kwenye kiti upande wa dirishani, anywe maji kama ameruhusiwa, atembee hatua chache. Usiku taa zipunguzwe na asiamshwe kwa vipimo visivyo vya lazima. Akisema wageni wako mlangoni, usibishane naye na usimkubalie. "Mama, uko hospitali. Umepasuliwa juzi. Ni mimi mwanao, niko hapa." Rudia hivyo hivyo hata mara ishirini. Kumfunga mikono kitandani humzidishia hofu na vurugu. Ikiwa kweli anahatarisha kidonda au maisha yake, haloperidoli nusu miligramu hadi moja inatosha kuanzia kwa mzee. Miligramu tano zilizozoeleka ni za kijana mwenye nguvu aliyeletwa na mgambo.

Yupo pia anayeweweseka bila kelele. Hulala mchana kutwa, haombi chakula, kila swali hulijibu "ndiyo". Wodi humpenda kwa kuwa hasumbui, na ndiye anayeandikiwa dawa ya sonona kimakosa wakati ana nimonia. Mtu aliyenyamaza ghafla siku ya tatu aulizwe siku za wiki kabla hajatangazwa kuwa amekata tamaa.

Na yupo mnywaji. Saratani za mdomo, umio na ini zina undugu na pombe, lakini aliyekuwa akinywa gongo au chang'aa kila siku hulazwa bila kulisema, kwa sababu aliulizwa "Baba, unakunywa?" mkwewe akiwa pembeni. Kati ya saa 6 na 24 tangu glasi ya mwisho mikono huanza kutetemeka na jasho kumtoka. Degedege laweza kumpata ndani ya siku mbili. Kati ya saa 48 na 96 huja kuweweseka kukali, mapigo ya moyo yakienda mbio na joto likipanda, na hali hiyo huua. Hapa diazepamu, ile ile iliyokatazwa hapo juu, ndiyo dawa. Thiamini idungwe kabla ya dripu ya glukosi, maana ubongo uliokaukiwa vitamini hiyo ukijazwa sukari ghafla unaweza kuumia moja kwa moja. Swali la pombe liulizwe kliniki, faragha, kabla ya tarehe ya upasuaji, na liulizwe kwa hesabu: kiasi gani, mara ngapi, mara ya mwisho lini.

Baada ya wiki ya kwanza ya hatari, dawa ndizo zinazoongoza kwa kuiga ugonjwa wa akili. Ya kwanza kwenye orodha yangu ni metoklopramidi, yaani Plasil, ya kuzuia kutapika. Mgonjwa hudungwa, na muda mfupi baadaye hawezi kukaa: anainuka, anakaa, anazunguka kitanda, anasema ndani yake kuna kitu kinamsukuma. Huo mhangaiko wa miguu huitwa hofu, naye akaambiwa apunguze mawazo. Haloperidoli huweza kufanya vilevile. Sindano ya Plasil ikidungwa polepole badala ya kusukumwa mara moja hatari hupungua, na ikishatokea, dawa hiyo iachwe na iandikwe kwa wino mwekundu kwenye faili. Ya pili ni deksamethasoni inayotolewa pamoja na kemo. Humpa mtu siku mbili za kukosa usingizi, maneno mengi na hamaki, kisha ikikoma humwangusha siku mbili tatu za majonzi. Imezwe asubuhi, dozi ya mwisho isipite mchana, na familia iambiwe mapema ili isidhani mtu wao kabadilika tabia.

Waliotolewa tezi ya shingoni wana mtego wao. Ganzi na vijisindano midomoni na vidoleni, moyo kwenda mbio, kuhisi kifo kiko jirani: hiyo inafanana kabisa na hofu ya ghafla, lakini siku ya kwanza hadi ya tatu baada ya upasuaji huo ni kalsiamu imeshuka mpaka ithibitishwe vinginevyo. Miezi miwili baadaye mtu yule yule akiwa mzito, anahisi baridi na hana hamu ya lolote, pima homoni ya TSH kabla ya kufungua mlango wa sonona. Pengine anameza levothairoksini, kidonge cha kufidia homoni ya tezi iliyotolewa, pamoja na chai ya maziwa na vidonge vya kalsiamu, na dawa haifyonzwi. Imezwe kwa maji matupu nusu saa hadi saa nzima kabla ya chakula. Kalsiamu ingoje mpaka saa nne zipite.

Sonona yenyewe hupenda kungoja mtu arudi nyumbani. Wodini kulikuwa na watu, maombi, matunda. Akisharudi, dreni, ule mpira wa kutoa maji kidondani, huondolewa, mara nyingi ndani ya wiki mbili, wageni huisha, majibu ya kinyama kilichopelekwa maabara huja, na ndipo mtu anaposikia kwamba upasuaji haukuwa mwisho, kuna kemo na mionzi mbele. Kulia wiki mbili za kwanza, kukosa usingizi, kutotaka kujitazama kwenye kioo, huko ni kuomboleza kiungo. Kunapanda na kushuka, na katikati yake mtu bado hucheka na mjukuu. Sonona haipishi. Inakaa karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi.

Dodoso la kupima sonona liitwalo PHQ-9, ambalo lina tafsiri ya Kiswahili na limetumika Kenya na Tanzania, huuliza maswali tisa juu ya wiki mbili zilizopita. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla ni 27, na 10 kwenda juu huhitaji kufuatiliwa. Kwa aliyepasuliwa saratani namba hiyo hudanganya. Usingizi, hamu ya kula, uchovu, mwendo na usemi wa polepole: vinne hivyo saratani na kemo huviharibu hata kwa mtu mwenye furaha. Uzito uwekwe kwenye yale ambayo kisu hakiyafikii. Je, jambo alilolipenda bado lina ladha, awe kwaya, taarab, bustani au soko? Anajiona mzigo, mkosaji, aliyeadhibiwa? Anaona mbele kuna chochote? Anafikiria kufa? Na bado kabla ya kuhitimisha, pima wingi wa damu. Mwenye hemoglobini ya 7 hana nguvu za kufurahia kitu. Kwa mwenye mfuko wa choo tumboni, uliza pia kama amejinyima chakula ili mfuko usijae njiani au usinuke mbele za watu. Wengi hufanya hivyo, hukonda, na mezani huonekana wamekata tamaa. Huyo anahitaji mifuko ya kutosha na mtu wa kumfundisha kukata tundu lake litoshee vizuri.

Maumivu ya neva nayo hula moyo kimyakimya. Kutoa tezi za kwapani wakati wa upasuaji hugusa neva inayopeleka hisia upande wa ndani wa mkono wa juu, na baadaye panaweza kuwaka moto, kuchoma au kufa ganzi kwa miezi. Mtu asiyelala kwa kwapa linalowaka ataonekana ana sonona, na huenda akawa nayo. Amitriptilini miligramu 10 hadi 25 usiku husaidia maumivu hayo na usingizi; dozi ya sonona ni kubwa zaidi ya hapo, kwa hiyo aliyepewa 25 asihesabiwe kuwa tayari anatibiwa sonona. Mazoezi ya bega yaanze mapema: kukunja na kukunjua ngumi na kiwiko tangu siku ya kwanza, mkono usiinuliwe kupita usawa wa bega wakati dreni ingalimo. Bega lililoganda miezi mitatu hufanya kufunga kilemba au kusuka nywele za mtoto kuwe msiba wa kila asubuhi.

Sasa vidonge vya sonona. Fluoksetini ndiyo inayopatikana kwa urahisi na bei yake ni nafuu, huanzia miligramu 20 asubuhi, na huhitaji wiki mbili hadi sita kuonyesha kazi. Lakini mwanamke mwenye saratani ya titi inayolishwa na homoni humeza tamoksifeni miligramu 20 kila siku kwa miaka 5 hadi 10, na tamoksifeni ni kama mhogo mbichi: haijaiva mpaka ini liigeuze kuwa endoksifeni. Fluoksetini na paroksetini hukizuia kile kimeng'enya kinachoigeuza. Kwa huyu chagua venlafaksini au sitalopramu. Sertralini huzuia kidogo na inafaa zile zikikosekana. Venlafaksini ina ziada yake, hupunguza lile joto la ghafla la usiku ambalo tamoksifeni huleta. Asiye kwenye tamoksifeni hana sababu ya kuikwepa fluoksetini. Aliyekwisha kuianza asiiache wala kuibadili mwenyewe baada ya kusoma haya. Hiyo ni kazi ya kliniki, na fluoksetini hukaa mwilini wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho.

Angalia pia tramado, dawa ya maumivu. Ikichanganywa na dawa hizi huweza kuleta kutetemeka, jasho, kuharisha, mhangaiko na hata degedege. Diklofenaki pamoja nazo huongeza kutokwa damu tumboni. Nafuu ikija, dawa iendelee angalau miezi sita hadi tisa, kisha ipunguzwe hatua kwa hatua. Kuacha ghafla huleta kizunguzungu na hali kama ya shoti ya umeme kichwani, na mtu hudhani ugonjwa umerudi.

Tiba ya mazungumzo haihitaji kungoja daktari bingwa. Huko Harare, tangu 2006, kina bibi waliofunzwa hukaa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kusikiliza wenye kufungisisa, neno la Kishona la kufikiri kupita kiasi. Sikio la Mswahili linalitambua: ni yale yale "mawazo". Mbinu ni kutatua tatizo moja: yatajwe yote, lichaguliwe moja, lipangiwe hatua ndogo ya wiki hii. Programu ya Shirika la Afya Duniani iitwayo PM+, yenye vikao vitano vya dakika 90, ilijaribiwa kwa wanawake wa Nairobi ikiendeshwa na watu wasio wataalamu wa akili. Kwa mgonjwa wetu hatua ndogo ni kitu kama hiki: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi jioni, atembee dakika kumi hadi kwa jirani na kurudi, ajisikie kufanya hivyo au asijisikie. Kungoja hamu ndiyo ianze ndiko kunakokwamisha. Kovu nalo liangaliwe mara ya kwanza wodini, muuguzi akiwepo, lisije kuonwa bafuni peke yake. Mumewe akiwepo siku ya kubadilisha bandeji, kazi kubwa imefanyika.

Aliyekuwa na ugonjwa wa akili kabla ya saratani ana hatari tofauti: watu huacha kumpa dawa zake "mpaka apone kidonda". Dawa nyingi za akili humezwa hadi asubuhi ya upasuaji kwa maelekezo ya daktari wa usingizi, na hurudishwa mara mgonjwa anapoweza kumeza. Litiamu ni ya pekee. Kwa upasuaji mkubwa huachwa kwa muda, hurudishwa figo zikiwa sawa, na haipatani na diklofenaki wala ibuprofeni, wala na kuharisha au kukosa maji. Kutetemeka kukubwa, kuyumba na ulimi mzito ni dalili za litiamu kuzidi. Apimwe siku hiyo hiyo. Kwa anayechomwa Modecate, sindano ya skizofrenia, kila wiki mbili hadi nne, tarehe ya sindano ijayo iandikwe kwenye faili la upasuaji. Anayetoka Kigoma kwenda kukaa wiki tatu au tano za mionzi katika hospitali ya Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, abebe dawa za kutosha na barua yenye majina na dozi. Na ridhaa ni yake. Skizofrenia haimfungi mtu kuamua juu ya titi lake; kama anaelewa anachoambiwa, anakikumbuka, anapima faida na hasara na kutoa jibu, sahihi ni ya kwake, si ya kaka yake.

Juu ya kujiua, uliza wazi: "Dada, imefika mahali unafikiria kujiondolea uhai?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Akisema ndiyo, uliza kama amepanga na lini, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo. Vidonge vyote vikae kwa ndugu na vitolewe vya wiki moja, hasa amitriptilini, ambayo ni hatari sana ikizidi. Woga wa polisi umewafunga wengi mdomo. Kwa Kenya, Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka katiba.

Miezi inapopita, lile swali la siku hugeuka. Mtu aliyemaliza kemo na mionzi, aliyerudi kazini, anaanza kukosa usingizi tena, anajipapasa kwapani mara ishirini kwa siku mpaka panavimba kwa kupapaswa, anagombana na watoto. Hesabu kwenda mbele badala ya kurudi nyuma: kliniki ni siku nne zijazo. Baada ya saratani ya titi kliniki huwa kila miezi mitatu hadi sita kwa miaka mitatu ya kwanza, na hofu hii hujua kalenda kuliko mgonjwa mwenyewe. Apunguziwe kungoja: kipimo kifanyike wiki moja kabla ili majibu yasomwe siku ya kliniki, aende na mtu, na kujipapasa kuwe siku moja kwa mwezi, bafuni, kwa dakika tano. Akitoka na majibu mazuri, usingizi hurudi ndani ya siku chache. Usiporudi baada ya wiki mbili, kliniki haihusiki tena. Tatizo sasa ni hofu yenyewe, nayo ina tiba yake.